Maswali na majibu: Kusoma umri wa mwamba kwa visukuku vidogo vya baharini

Safari hii tunajibu maswali kuhusu foraminifera (viumbe vya seli moja vyenye gamba), kokolithi (vibamba vidogo mno vya chokaa vya mwani) na jamaa zao, yaani visukuku vidogo vya baharini vinavyotumika kujua umri wa miamba ya mashapo. Mifano mingi tumeitoa kwenye udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, kwa kuwa ni wachache duniani wanaokuta magamba ya zamani hivyo yakiwa safi namna ile.

Kaboni-14 inafika miaka kama 50,000 tu. Gamba la chokaa linawezaje kutuambia mwamba una miaka milioni 34?

Gamba lenyewe halipimwi miaka. Tunachotumia ni matukio: spishi fulani ilizuka lini, ikatoweka lini. Foraminifera wanaoelea baharini walisambazwa mbali na mikondo, walibadilika upesi, na walipokufa magamba yao yalishuka chini kwa wingi mno. Ndiyo maana tukio moja linaweza kufuatiliwa kutoka bahari moja hadi nyingine.

Miaka yenyewe hutoka kwingine. Majivu ya volkano yaliyolala katikati ya matabaka hupimwa kwa madini yenye mionzi. Kugeuka kwa usumaku wa dunia kumeandikwa ndani ya mashapo, na vilevile mizunguko ya mzingo wa dunia. Mahali ambapo vipimo hivyo na visukuku vinakutana, tukio hupewa tarehe. Hantkenina, kundi mojawapo la foraminifera, kwa mfano, ilikoma miaka milioni 33.9 iliyopita, na mpaka rasmi wa Eosini na Oligosini, vipindi viwili vya historia ya dunia, umewekwa Massignano, Italia, pale inapokoma.

Hantkenina nitaijuaje chini ya hadubini?

Kwa miiba. Kila chumba cha gamba lililokomaa kina mwiba mmoja mrefu, wazi kwa ndani. Tatizo ni kwamba miiba hukatika sampuli inapooshwa, kwa hiyo usisubiri gamba zima la kupendeza. Tafuta visiki vyake kwenye ukingo wa gamba, na uviangalie vipande vya miiba vilivyobaki kwenye trei. Spishi ya awali kabisa ya kundi hili, iliyoelezwa mwaka 2006, inaitwa Hantkenina singanoae kwa heshima ya Joyce Singano, mtaalamu wa visukuku vidogo wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania.

Nina mfinyanzi mgumu wa kijivu. Nauoshaje bila kuharibu magamba?

Kwanza kwangua uso wa nje mpaka ufikie udongo usioguswa. Chukua gramu 20 hadi 50, uvunje kwa mkono viwe vipande vya sentimita moja hivi, na usitumie kinu wala nyundo. Kausha kwenye joto lisilozidi nyuzi 50, pima uzito, kisha uloweke katika maji. Mfinyanzi uliokauka vizuri mara nyingi hujimenya wenyewe ndani ya saa chache. Ukigoma, ongeza sodiamu kaboneti kidogo na uuache usiku kucha.

Wengi hukimbilia haidrojeni peroksaidi. Inafanya kazi, lakini jihadhari na pairiti, madini ya chuma na salfa. Udongo wa kijivu kilichoiva mara nyingi una chembe zake, na peroksaidi huigeuza kuwa asidi ya salfa inayokula chokaa. Magamba membamba ndiyo hutangulia kupotea, na sampuli itaonekana kana kwamba spishi hizo hazikuwahi kuwapo. Kama ni lazima uitumie, iwe hafifu, kwa muda mfupi, na tone la amonia ili maji yasiwe na asidi. Pima kwa karatasi ya pH.

Kisha mimina juu ya chekeche la mikroni 63 na uoshe kwa maji mepesi ya kunyunyiza mpaka yanayopita chini yawe meupe kabisa. Usisugue kwa vidole. Masalia yakaushe kwenye karatasi ya kuchujia, uyapepete kwa chekeche la mikroni 150, uyatandaze kwenye trei nyeusi yenye miraba, safu moja tu ya chembe. Magamba huokotwa moja moja kwa brashi nyembamba ya namba 000 iliyoloweshwa kidogo.

Kati ya sampuli na sampuli, sugua chekeche, kisha litumbukize kwenye rangi ya methilini bluu. Gamba lolote lililonasa kwenye matundu litageuka bluu, na likijitokeza kwenye sampuli inayofuata utajua ni mgeni. Hatua hii inarukwa sana, na ndiyo inayoleta umri wa ajabu ambao baadaye hakuna anayeweza kuueleza.

Sampuli zangu za miaka mitatu iliyopita zina sindano zinazong'aa ambazo sikuziona mwanzo. Ni nini?

Ni jasi. Pairiti imeoza kwa hewa na unyevu, asidi yake imekula chokaa ya magamba, na kilichobaki kimejenga fuwele hizo. Magamba yaliyoyeyuka hayarudi. Mfinyanzi wa namna hii uoshe mapema baada ya kuutoa ardhini, na unaobaki uuhifadhi mkavu, umefungwa.

Kwenye kisima cha gesi tunapata vipande vya mwamba tu, si mche mzima (nguzo ya mwamba iliyokatwa bila kuvunjwa). Kwa nini tunaambiwa tuamini kutoweka kwa spishi kuliko kuzuka kwake?

Kwa sababu kuta za kisima hubomoka. Mashine inapochoronga chini, tope la kuchorongea hupandisha vipande vya kina kile pamoja na vilivyoporomoka kutoka juu. Visukuku vichanga huangukia kwenye sampuli za matabaka ya zamani, hivyo mwanzo wa spishi huonekana chini kuliko ulipo kweli. Lakini ukishuka kisimani, mara ya kwanza unapoiona spishi ndipo mwisho wake ulipo, na hapo bado hakuna cha kuporomoka chenye spishi hiyo. Ndiyo maana kisima husomwa kutoka juu kwenda chini.

Mwisho wa spishi nao una adui yake: visukuku vya zamani vinavyong'olewa na mmomonyoko na kuzikwa upya kwenye tope changa. Gamba moja lililochakaa, lenye rangi tofauti na wenzake, lisikubebe. Linganisha na kundi zima. Kokolithi ndizo husumbua zaidi, kwa kuwa ni ndogo na imara kiasi cha kusafiri mbali. Omba pia sampuli ya tope la kuchorongea lenyewe. Viambata vyake vingine vina kokolithi ndani.

Nikishapata matukio mawili, nahesabuje umri wa katikati?

Tuseme Hantkenina inakoma kwenye kina cha mita 60 (miaka milioni 33.9) na Globigerinatheka index, foraminifera mwingine, kwenye mita 95 (karibu milioni 34.6). Mita 35 kwa miaka 700,000 ni sentimita 5 kila miaka 1,000. Sampuli ya mita 74 iko mita 14 chini ya tukio la kwanza, kwa hiyo ni miaka 280,000 zaidi: karibu milioni 34.2. Ikiwa ulichukua sampuli kila mita 3, basi kila tukio lina wasiwasi wa hadi miaka 60,000 kabla hujagusa makosa mengine. Hesabu hii pia inachukulia kwamba tope lilishuka kwa kasi moja. Matukio kadhaa yakirundikana kwenye sentimita chache, kuna tabaka lililokosekana, na mstari wako haufai hapo.

Kuna njia ya haraka kuliko kuosha?

Kokolithi. Kwangua unga kidogo sana kwa kijiti cha meno, uchanganye na tone la maji yaliyotoneshwa juu ya kioo, ukaushe, ufunike kwa gundi ya kioo. Angalia kwa ukuzaji wa mara 1,000 chini ya mwanga uliopolarishwa. Slaidi huwa tayari ndani ya dakika chache, hivyo kisimani hutangulia hii, foraminifera wakafuata kuthibitisha.

Kwa nini wataalamu wa nje huja hadi Kilwa ilhali bahari kuu zimejaa foraminifera?

Magamba mengi ya bahari kuu yamelala kwenye tope la chokaa, ambamo maji hupenya na kuunda fuwele mpya juu ya gamba. Chini ya hadubini yanakuwa meupe kama chaki. Mfinyanzi wa Kilwa haupitishi maji na haukuzikwa kwa kina kikubwa, hivyo gamba la miaka milioni 34 bado linapitisha mwanga. Vitundu vya ukuta vinaonekana, na spishi zinazofanana huweza kutenganishwa. Katika mche uliochorongwa eneo la Pande, kati ya Kilwa na Lindi, inaonekana wazi kwamba kundi la foraminifera la Turborotalia cerroazulensis linatangulia kutoweka, kisha Hantkenina, kwa mpangilio uleule unaojulikana kwingineko.

Sampuli yangu haina gamba hata moja. Nifanyeje?

Angalia kwanza kama chokaa imeyeyuka: dondosha asidi ya haidrokloriki hafifu kwenye kipande cha mwamba. Usipoona povu, tafuta visukuku visivyo vya chokaa, kama radiolaria na diatomu za silika, au vifuko vya dinoflajelati, ambavyo ni mada ogani. Vifuko hivyo hutolewa kwa asidi ya haidrofloriki, na kazi hiyo ni ya maabara yenye kabati la kunyonya hewa na watu waliofunzwa. Usiijaribu nyumbani wala kwenye chumba cha kawaida cha darasa.