Kabla Hujasimama Mbele ya Madiwani Kupinga Makazi ya Msaada

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya taa, mbele ya jengo lililokuwa limekaa tupu kwa miaka. Lilieleza kwa herufi ndogo kwamba baada ya wiki tatu baraza la jiji lingejadili ombi la kuligeuza jengo hilo kuwa makazi ya msaada, yenye vyumba 40, kwa ajili ya watu waliolala nje kwa muda mrefu, wengi wao wakiishi na maradhi ya akili au uraibu. Kabla jua halijazama, jirani mmoja alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na karatasi ya kukusanya saini za kupinga. Nilitia saini yangu nikiwa nimesimama mlangoni, bila kuvaa miwani na bila kusoma hata aya moja ya ombi lenyewe.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye tangazo kama hilo limebandikwa karibu na kwake wiki hii, kwa sababu nimekaa pande zote mbili za meza: kwanza nilikuwa mpingaji, kisha nikawa mjumbe wa kamati ya ujirani mwema ya jengo lile lile kwa miaka mitatu.

Anza kwa kuelewa ni kitu gani hasa kinachoombwa. Wengi tuliokwenda kwenye kikao tulidhani linajengwa bweni la dharura, mahali ambapo watu hupanga foleni jioni, hulala usiku mmoja na kutolewa asubuhi. Makazi ya msaada si hivyo. Anayehamia humo ni mpangaji. Ana mkataba, ana ufunguo wake, hulipa kodi inayolingana na kipato chake, ambayo mara nyingi ni karibu theluthi moja ya kipato hicho, na anaweza kukaa miaka mingi. Ndani ya jengo au karibu nalo wamo wahudumu wanaomsaidia kufuatilia dawa, stahiki zake, miadi ya kliniki na ugomvi wa kawaida wa kuishi na watu. Kwa kawaida hashurutishwi kupokea huduma hizo ili abaki na chumba chake, na hili ndilo lililonikera zaidi nilipolisikia mara ya kwanza. Niliona ni kama kumlipa mtu kwa kutobadilika.

Nilibadili mawazo baada ya kusoma historia yake. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha shirika la Pathways to Housing jijini New York, akageuza utaratibu uliozoeleka: badala ya kumtaka mtu apone kwanza ndipo apewe nyumba, alimpa nyumba kwanza na matibabu yakafuata. Kanada iliupima mpango huo kuanzia mwaka 2009 katika miji mitano, ikihusisha washiriki zaidi ya 2,000 waliogawanywa kwa bahati nasibu, na waliopewa nyumba kwanza walidumu katika makazi muda mrefu zaidi, kwa tofauti kubwa, kuliko waliobaki katika huduma za kawaida. Ufini ilianza mwaka 2008 kuyageuza mabweni yake ya zamani kuwa fleti za kupangisha. Sababu inaeleweka ukiitafakari: mtu asiye na pa kuweka kidonge hawezi kukimeza kwa wakati, na mtu anayelala jicho moja likiwa wazi hana nguvu za kupambana na uraibu.

Siku ya kikao kila mzungumzaji alipewa dakika tatu. Nilizitumia zangu kuzungumzia watoto na thamani ya nyumba, nikapigiwa makofi, nikakaa. Baadaye alisimama mama wa makamo ambaye alikuwa ameshika funguo mkononi muda wote. Alisema ameishi kwenye jengo la aina hiyo, upande mwingine wa jiji, kwa miaka minne, baada ya kulala nje karibu miaka tisa. "Usiku wa kwanza niliufunga mlango kutoka ndani," alisema, "kisha nikaufungua, nikaufunga tena, kwa sababu sikuamini kwamba mimi ndiye ninayeamua." Hakutulaumu. Alituomba tu tusimzungumzie kana kwamba hayupo ukumbini. Niliinamisha kichwa, nikaangalia karatasi niliyotoka kuisoma, nikaona kwamba hapakuwa na swali hata moja ndani yake. Yote yalikuwa matangazo ya hofu.

Ushauri wangu mkubwa unatokana na karatasi ile. Acha kuuliza ni watu gani watakaoishi humo, uliza ni nani atakayeliendesha jengo na kwa namna gani. Swali la kwanza halina jibu litakalokutuliza, na katika baadhi ya nchi baraza halina hata mamlaka ya kulitumia kama kigezo. Marekani suala hili lilifika hadi Mahakama ya Juu mwaka 1985, baada ya baraza la mji wa Cleburne, Texas, kukataa kutoa kibali kwa nyumba ya watu 13 wenye ulemavu wa akili. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni msimamo wa majirani na kwamba ng'ambo ya barabara kulikuwa na shule ambayo wanafunzi wake wangeweza kuwasumbua wakazi. Majaji walibaini kwamba shule hiyo yenyewe ilikuwa na wanafunzi wapatao 30 wenye ulemavu kama huo. Mahakama ilitamka kwamba hofu na chuki zisizothibitishwa si msingi halali wa kumnyima mtu kibali. Nimeona majirani wakitumia miezi na fedha zao kwenye hoja ambayo hata wakishinda nayo ukumbini, wangeipoteza mahakamani.

Swali la pili ndilo lenye nguvu, kwa kuwa hofu ya jengo linaloendeshwa vibaya ni hofu ya haki. Uliza ni wahudumu wangapi watakaokuwapo saa nane usiku, si saa nne asubuhi. Uliza simu itapokelewa na nani, mtu aliye ndani ya jengo au ofisi iliyo mbali. Uliza mwendeshaji ana majengo mengine wapi, kisha nenda ukayaone bila kutoa taarifa, asubuhi na jioni, na uzungumze na wanaoishi mkabala nayo. Nilikwenda kwenye mawili. La kwanza sikulitambua hadi niliporudi kuangalia namba ya mlango. Kwenye la pili kengele ilikuwa mbovu, na kwenye dawati la mapokezi hapakuwa na mtu. Hayo niliyaandika na kuyapeleka kwa madiwani, nao waliyasikiliza kuliko walivyosikiliza hotuba yangu yote ya kwanza.

Kisha uliza kuhusu fedha za huduma, na hapa naomba uwe mkaidi. Fedha za kujenga au kukarabati jengo na fedha za kuwalipa wahudumu hutoka mara nyingi kwenye mifuko tofauti. Ya kwanza hutolewa mara moja, jengo likasimama kwa miongo. Ya pili hufungwa kwa mikataba ya miaka michache inayohitaji kuhuishwa, na bajeti ikibana ndiyo hukatwa kwanza. Matokeo yake ni jengo lililojaa wapangaji wanaohitaji msaada lakini halina wasaidizi, na hapo hali huharibika kwa wote, wapangaji wakiwa wa kwanza kuumia. Majengo mengi yanayotajwa kama mifano mibaya nadhani yanapaswa kuchunguzwa kwanza upande huu. Jirani anayedai mbele ya baraza kwamba mkataba wa huduma uwe wa muda mrefu, na kwamba idadi ya wahudumu iandikwe kwenye masharti ya kibali, anaulinda mtaa wake na kuwalinda wapangaji kwa pumzi moja.

Kuhusu thamani ya nyumba, jambo lililonitia wasiwasi kuliko nilivyokubali hadharani, Kituo cha Furman cha Chuo Kikuu cha New York kilichapisha mwaka 2008 utafiti kuhusu majengo ya makazi ya msaada jijini humo, na hakikuona kwamba yanashusha bei za nyumba zinazoyazunguka. Hiyo ni New York, na kila mji una soko lake, lakini nilipousoma nilitambua kwamba mimi sikuwa na ushahidi wowote wa upande wa pili.

Kwa madiwani nina neno moja tu. Msiwafiche wananchi habari kwa kudhani kwamba mnapunguza kelele, kwa kuwa tangazo la herufi ndogo kwenye nguzo ndilo lililotufanya tuamini kwamba kuna jambo baya linalofichwa. Vilevile msiahirishe uamuzi kwa kisingizio cha kukusanya maoni zaidi wakati maoni yote yameshasemwa. Wafadhili huweka tarehe za mwisho. Kuahirisha mara mbili kunaweza kuua mradi bila diwani yeyote kuonekana amepiga kura ya hapana, na si haki kwa wanaosubiri vyumba.

Baraza letu lilipitisha ombi kwa masharti: wahudumu wawepo saa 24, namba ya simu ya msimamizi ibandikwe mlangoni, na kamati ya ujirani mwema ikutane kila mwezi katika mwaka wa kwanza, viti viwili vikiwa vya wapangaji. Hakikisha sharti hilo la viti vya wapangaji halisahauliki kwako. Katika mkutano wetu wa pili, majirani tulilalamika kuhusu watu wanaokusanyika usiku kwenye kona ya jengo, na mpangaji mmoja akatueleza kwamba watu hao hawaishi humo, kwamba wapangaji wenyewe wanawaogopa, na kwamba wapangaji walikwisha kuomba taa iwekwe pale bila kujibiwa. Tuliandika barua moja siku hiyo hiyo, majirani na wapangaji tukaitia saini pamoja, na safari hii niliisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Taa iliwekwa mwezi uliofuata.