Fundi Anajibu: Shafti imegoma kutoka kwenye difu

SWALI: Asalaam aleikum, fundi. Nina kwadi mbili (pikipiki za magurudumu manne) za kutembezea wageni hapa Paje. Moja inalia ka-ka-ka mbele kulia kila nikikata kona. Nimenunua shafti mpya, nzima, lakini ya zamani imegoma kutoka kwenye difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu. Tumeivuta watu wawili, na sasa kijana wangu anataka kutia mtaimbo. Tufanyeje?
Msomaji, Paje

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwanza mnyang'anye kijana huo mtaimbo. Pale shafti inapoingilia pana sili ya oili, na mdomo wake ni mpira laini tu. Mtaimbo ukiteleza, shafti itatoka na oili itaanza kuvuja.

Kinachoizuia ni ringi ndogo ya waya iliyokaa kwenye mfereji, mwishoni mwa meno ya shafti, ikatanuka ndani ya difu. Mkivuta polepole, hata mkiwa kumi, inang'ang'ania. Inataka mshtuko. Shika kikombe cha jointi ya ndani, ile ya upande wa difu, kwa mikono miwili, kisukume ndani kidogo, kizungushe, kisha kivute kwa nguvu mara moja, kikiwa kimenyooka. Usivute ile fimbo ya katikati! Mimi niliivuta nilipokuwa mgeni wa kazi: jointi ikafunguka, mpira unaoifunika ukachanika, gololi zikamwagika mchangani, na mwenye kwadi kasimama ananitazama. Niliokota tano. Ya sita sijaiona mpaka leo.

Nadhani gurudumu, kotapini (pini inayozuia nati isifunguke) na nati kubwa ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, mmeshatoa, na mkono wa juu unaoishika habu mmeufungua ili habu ilale nje. Kalipa ya breki ifungeni kwa waya kwenye fremu, isining'inie kwa paipu yake. Chini tegeni beseni, oili ya difu itamwagika.

Kabla ya kufunga mpya, zilaze shafti mbili sambamba, upime urefu na uhesabu meno pande zote mbili. Madukani huchanganya. Weka ringi mpya, ipake grisi ikae katikati ya mfereji, na sili uipake oili. Ingiza taratibu mpaka meno yashikane, kisha sukuma kwa kishindo usikie "tak". Jaribu kukivuta kikombe. Kikitoka, ringi haijakaa. Nati ya habu ikaze kwa spana ya kipimo, kwa namba iliyo kwenye kitabu cha kwadi yako, utie kotapini mpya, kisha jaza oili ya difu.

Hiyo ka-ka-ka ilianzia kwenye mpira wa jointi uliopasuka: grisi ikaruka nje, mchanga na maji ya chumvi vikaingia. Kwa hiyo ile kwadi ya pili ikirudi jioni, ioshe, geuza usukani mpaka mwisho, upitishe kidole kwenye mikunjo ya mpira. Ukikuta grisi imerukia rimu kwa ndani, fungua kesho yake asubuhi. Kama haijaanza kulia na gololi bado ni laini, mpira mpya na grisi vinatosha, shafti huinunui.