Barua kwa Mwanangu Anayejiandaa Kwenda North Carolina

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mama yako. Unasema vijana wa usharika wenu huko Minnesota watakwenda milimani North Carolina wakati wa likizo, kuwasaidia watu ambao nyumba zao ziliharibiwa na Kimbunga Helene cha Septemba 2024, nawe umeandikishwa. Kisha unauliza: je, nauli ya vijana ishirini wasiojua useremala isingefaa zaidi kama ingetumwa kwa wenye nyumba ili waajiri mafundi? Na kwa kuwa nami niliwahi kwenda New Orleans nilipokuwa mwanafunzi huko Minnesota, unataka kujua kama tulisaidia kweli.

Kimbunga Katrina kilifika pwani ya Louisiana tarehe 29 Agosti 2005, lakini kilichouzamisha mji ni kubomoka kwa matuta na kuta za mifereji zilizojengwa kuyazuia maji. Karibu asilimia 80 ya New Orleans ilifunikwa, na sehemu nyingine maji yalikaa kwa wiki kadhaa. Mimi nilifika Machi 2007 pamoja na vijana wa usharika ulionipokea, usharika rafiki wa ule wetu wa Iringa katika uhusiano wa Bega kwa Bega, baada ya safari ya basi ya karibu kilomita 2,000. Kwa kuwa mwaka mmoja na nusu ulikuwa umekwisha pita, tena katika nchi tajiri namna ile, nilidhani tungekuta watu wanapaka rangi. Tulikuta mitaa mizima ya Lower Ninth Ward ambako kwenye kuta na milango bado kulikuwa na alama ya X iliyopigwa na waokoaji: tarehe ya ukaguzi, kikosi kilichokagua, na chini kabisa idadi ya maiti zilizopatikana. Nyumba tuliyopewa ilikuwa na sifuri, nami nilisimama mbele ya sifuri ile kwa muda mrefu nikimshukuru Mungu.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana jibu la swali lako limo humo. Nyumba nyingi za huko, kama unavyoziona, ni fremu ya mbao iliyofunikwa ndani kwa jipsamu, na katikati ya ukuta hujazwa pamba ya kuzuia baridi. Maji ya mafuriko yakiingia, jipsamu na pamba huyanyonya, kuvu hupanda ukutani hadi darini, na fundi hawezi kugusa chochote mpaka vyote viondolewe, tope lizolewe, fremu isuguliwe kwa brashi, ipigwe dawa na kukauka kabisa. Kazi hii haihitaji ufundi mkubwa. Inahitaji mitaimbo, toroli, barakoa, mabuti, na watu wengi wenye nguvu za kwenda na kurudi barabarani kutwa nzima. Sisi tulikuwa kumi na wawili, na nyumba ile ndogo ilituchukua siku nne. Bibi mwenye nyumba, aliyekuwa na miaka zaidi ya sabini, angeifanya peke yake mpaka lini? Tena bima ya kawaida ya nyumba nchini humo hailipi uharibifu wa mafuriko. Bima ya mafuriko hununuliwa kando, na kule milimani mnakokwenda waliokuwa nayo walikuwa wachache sana. Kila kazi inayofanywa bure na vijana humwachia mwenye nyumba fedha ya kumlipa fundi umeme na fundi bomba, ambao hakuna kijana wa kwaya anayeweza kushika nafasi yao.

Hata hivyo, hoja yako ina uzito mahali pamoja. Kazi ya tope ni ya miezi ya mwanzo, na sasa muda mrefu umepita tangu Helene. Mkienda bila mwenyeji anayejua kila nyumba imefikia hatua gani, mtakuwa mzigo kwa watu waliokwisha choka. Wamenoni wa Marekani, Wakristo ambao imani yao hukataa vita, nawasifu kwa jambo hili. Shirika lao la kusaidia wakati wa maafa lilianza mwaka 1950 huko Hesston, Kansas, kutokana na vijana wa shule ya Jumapili waliokuwa wakijiuliza wangewezaje kuihudumia nchi yao pasipo kushika silaha. Desturi yao ni kumweka msimamizi mwenye ujuzi akae mahali pamoja kwa muda mrefu, na vijana wa wiki moja moja hufanya kazi chini yake, kila kundi likiendeleza pale lililopita lilipoachia. Kabla hujalipa nauli, muulize kiongozi wenu nani atawapokea, na ni kazi gani hasa inayowangoja.

Lipo jambo jingine ambalo sijawahi kukusimulia. Siku ya pili nilitoa jikoni chungu kizito cha chuma kilichoota kutu, nikakitupa kwenye rundo la takataka barabarani bila kumuuliza mtu. Jioni lori likalizoa rundo lote. Asubuhi bibi alifika kwa mara ya kwanza tangu tuanze, akauliza kitu kimoja tu: chungu cha mama yake. Kutu ya chuma husuguliwa ikatoka, na chungu kile kingepika tena. Nilimwomba radhi, naye akanijibu kwa upole kwamba nilikuwa mgeni na sikujua, kisha akaketi barazani kimya. Kuanzia hapo kiongozi wetu aliagiza kila kitu kipitishwe kwanza mbele ya bibi, hata kikombe kilichovunjika sikio. Kazi ilichelewa kwa siku nzima, na wenzangu wengine walinung'unika, lakini siku hiyo bibi alituambia chumba kipi kilikuwa cha nani, na kabla hatujaondoka aliomba tuimbe naye.

Kwa hiyo nenda, mwanangu, ikiwa jibu la kiongozi wenu litaridhisha. Usimpige picha mtu akiwa katikati ya mali yake iliyoharibika. Mama yako anasema ununue mabuti yenye soli ngumu, kwa sababu ya misumari. Niandikie mara tu utakapojua mmepangiwa nyumba ya nani.

Baba yako,
Iringa