Shamba la nani, nyumba ya nani? Maswali yenu kuhusu kijiji cha Wabugis

Makala iliyopita kuhusu Wabugis, wakulima wa mpunga wa Sulawesi Kusini nchini Indonesia, imeleta maswali mengi, na karibu yote yanahusu mali. Nimefurahi. Anayetaka kuijua jamii ya wakulima na aanzie hapo hapo: nani mwenye shamba, nani mwenye nyumba, na nani anaweza kumtoa nani.

Nimesikia kuwa huko mtu huuza nyumba na mnunuzi akaibeba. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli kabisa. Nyumba ya Mbugis, *bola*, ni ya mbao, imesimama juu ya nguzo, na mihimili yake imepenyezwa katika matundu ya nguzo badala ya kupigiliwa misumari. Kwa hiyo nyumba ni mali moja na kiwanja ni mali nyingine. Mtu anaweza kujenga kwenye kiwanja cha shemeji yake, na siku akihama, akahama nayo. Nyinyi wa Mombasa mlioishi na "nyumba bila ardhi" mtalielewa hili upesi kuliko sisi wa bara.

Kama haiendi mbali, haibomolewi. Vyombo, vioo na kila kizito hutolewa, mianzi mirefu hufungwa kwenye nguzo chini ya sakafu, kisha wanaume wa kijiji, mara nyingi baada ya swala ya Ijumaa, huingia uvunguni na kuweka mabega. Mmoja anatoa sauti, wote wanainua kwa pamoja, nyumba inaondoka na paa lake. Wanawake wako jikoni tangu asubuhi, maana wabebaji hawalipwi, wanalishwa. Kazi hiyo huitwa *mappalette bola*. Ikiwa safari ni ndefu, nyumba hufumuliwa na kupakiwa kwenye lori. Na kwenye nyumba mpya husomwa Barazanji, ile ile inayosomwa kwenye maulidi ya pwani.

Mwanamke wa huko akiachwa, anabaki na nini? (Dada, Tanga)

Dada yangu, haondoki mikono mitupu. Ana *sompa*, mahari yake, ambayo kijijini mara nyingi ni kipande cha shamba. Hiyo ni yake, mume hana neno. Usiichanganye na fedha za harusi zinazotolewa na upande wa mume, zinazoitwa *dui' menre'*. Hizo zimepanda hadi vijana wanashindwa kuoa, na siku ya sherehe huliwa zikaisha. Alichorithi kwao pia kinabaki chake. Sheria ya ndoa ya 1974 inasema hivyo, na mila ilishasema kabla yake. Kilichochumwa na wote wawili ndani ya ndoa, *cakkara*, hugawanywa nusu kwa nusu. Tena kwa desturi mume ndiye anayehamia kwa wakwe, kwa hiyo ndoa ikivunjika, anayefunga virago mara nyingi ni yeye.

Wao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama sisi. Urithi wanagawa kama sisi? (Mzee, Unguja)

Shikamoo mzee wangu. Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Falme zao ziliingia katika Uislamu mwanzoni mwa karne ya 17, ufalme wa Bone ukiwa 1611, na kuna msemo wao kwamba mwanamume hubeba kwa mzegazega na mwanamke hubeba kichwani, yaani mizigo miwili kwa mmoja.

Lakini ukitazama mashamba yenyewe, mengi yameshagawanywa kabla mzazi hajafa. Binti akiolewa anapewa kipande, kijana akianza maisha anapewa chake, na nyumba humwangukia mtoto aliyebaki kuwatunza wazee, mara nyingi binti wa mwisho. Mkusanyo wa sheria za Kiislamu wa 1991, unaofuatwa na mahakama zao za dini, unakubali kwamba hiba ya mzazi kwa mtoto inaweza kuhesabiwa kuwa urithi wake. Unamruhusu pia mjukuu kusimama mahali pa mzazi wake aliyetangulia kufa. Na warithi wanaweza kupatana mgawo mwingine, mradi kila mmoja ajue kwanza fungu lake. Sharti hilo nalipenda sana, kwa sababu dada anayeachia haki asiyoijua hakuiachia, amenyang'anywa.

Uliandika kuwa wanaweka shamba rehani bila benki. Mkopeshaji anafaidi nini? (Mkulima wa mpunga, Ifakara)

Anafaidi mavuno, ndugu yangu, na hapa ndipo pananiuma zaidi.

Rehani hiyo huitwa *sanra*. Mwenye shamba anapokea fedha, mkopeshaji anachukua shamba, analilima au anampa mwingine alilime, mpaka siku deni litakaporudishwa lote. Riba haitajwi. Ila mavuno yote ni yake, na palipo na maji ya mfereji ni mara mbili kwa mwaka. Wakati mwingine mwenye shamba anabaki pale pale akilima ardhi yake kwa kugawana mavuno na aliyemkopesha. Fedha zenyewe zilikwenda kwenye harusi ya kijana, ugonjwa, ada ya chuo au nauli. Zimeisha, na kile ambacho kingezaa fedha za kulipa kiko mikononi mwa mwingine. Ndiyo maana rehani hukaa miaka mingi, hata ikarithiwa na watoto wa pande zote mbili.

Sheria ililiona hili zamani. Kifungu cha 7 cha sheria namba 56 ya 1960 kinasema shamba lililokaa rehani miaka 7 au zaidi lirudishwe kwa mwenyewe bila malipo yoyote, ndani ya mwezi mmoja baada ya mavuno. Kabla ya hapo deni hupungua. Chukua saba na nusu, toa miaka iliyopita, gawa kwa saba, zidisha kwa fedha zilizokopwa. Shamba lililowekwa kwa rupia milioni 7 likishakaa miaka 4, hukombolewa kwa milioni 3 na nusu.

Mbona basi watu hawaidai? Kwa sababu mkopeshaji ni binamu, au jirani aliyekufaa siku mlango wako ulipokuwa na msiba. Kumwendea na kifungu cha sheria ni kuvunja *siri'*, ile heshima ambayo Mbugis yuko tayari kuigombania. Mimi nasema sheria ile ni ya haki. Aliyevuna misimu ya miaka 7 ameshajilipa, na heshima hiyo hiyo inapaswa kumsukuma yeye alirudishe shamba kabla hajaombwa.

Asiye na shamba analimaje? (Msomaji, Morogoro)

Kwa *teseng*, kilimo cha kugawana mavuno. Fungu hutegemea nani katoa mbegu, mbolea na gharama za mashine. Sheria nyingine ya 1960, namba 2, inataka mkataba wa maandishi mbele ya mkuu wa kijiji, usiopungua miaka 3 kwa shamba la mpunga na 5 kwa shamba kavu. Wengi hupeana mkono tu, na mlimaji anaweza kuondolewa msimu wowote.

Niko Muscat, shamba la marehemu baba analima mdogo wangu. Wabugis wanaosafiri wanafanyaje? (Kaka, Muscat)

Kaka, hao ni wasafiri wakubwa. Wapo Sabah na Johor huko Malaysia, na Kalimantan nchini mwao, na wengine walirudi kutoka Sabah na ujuzi wa kakao, hata miaka ya 1980 vilima vya Sulawesi vikapata thamani ambayo havikuwa nayo. Shamba huachiwa ndugu kwa neno la mdomo. Aliyebaki ndiye anayelipa kodi ya ardhi kwa serikali, na miaka ikipita stakabadhi hutoka kwa jina lake. Stakabadhi ya kodi si hati, lakini kijijini hufikia kuaminiwa kama hati. Tangu 2017 serikali inapima na kusajili mashamba kwa wingi, na kanuni namba 18 ya 2021 ilitoa miaka 5 tu kwa karatasi za zamani za kimila kutumika kama ushahidi wa umiliki. Aliye ng'ambo siku ya upimaji anaweza kukuta jina lake halimo.

Familia zilizojihadhari huandika kwanza karatasi ya warithi, wote waliopo na wasiokuwepo, mkuu wa kijiji akishuhudia, ndipo wanamwita mpimaji. Fanya hivyo likizo hii, mdogo wako akiwa amekaa nawe mezani.