Pete za taa kwenye IST: mwangalie fundi anavyofungua taa

Ndugu, kufunga pete za LED kwenye taa za mbele za Toyota IST yako, kama zile za BMW, inawezekana kabisa. Kazi ngumu ni kufungua taa. Kioo cha taa kimeshikwa na gundi, kwa hiyo fundi aipashe moto taratibu mpaka ilainike. Akilazimisha na bisibisi, plastiki itapasuka. Wakati wa kufunga, akwangue gundi yote ya zamani kwenye mfereji, apake mpya kuzunguka pande zote. Ukibaki upenyo hata mdogo, mvua ya kwanza tu utaona ukungu ndani, na baadaye sehemu ya kuakisi mwanga itababuka. Hapo usimharakishe hata kidogo.

Waya za pete ziungwe kwenye taa ndogo, ziwe na fyuzi yake. Zikiungwa betri moja kwa moja bila swichi, asubuhi unaweza kukuta betri imeisha na gari haliwaki. Chukua nyeupe; nyekundu na bluu waachie polisi na ambulensi. Kabla hujamlipa, simamisha gari usiku mbele ya ukuta uone kama taa kubwa bado zinamulika usawa mmoja.