Presha kuka saba zilizoliwa na mkaa wa kopo

Kazi yangu ni kuandika mahesabu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Hela ya tajiri haipotei hata mia. Ila jikoni kwangu Mbagala, kwa miaka minne nilinunua mkaa wa kopo: wa 2,000 asubuhi, wa 1,000 jioni. Siku nilipokaa na daftari nikapata 90,000 kwa mwezi, 1,080,000 kwa mwaka. Presha kuka ya umeme niliyokuwa naitolea macho Kariakoo ilikuwa 140,000. Gawanya mwenyewe. Saba kwa mwaka, na chenji inabaki.

Msiseme nilikuwa sijui. Nilijua vizuri sana. Elfu tatu ya leo haikosekani. Laki na arobaini ya mkupuo, kabla hujaigusa, ada ya mtoto imeshaiona.

Baadaye nikakutana na utafiti wa wanauchumi wawili, Susanna Berkouwer na Joshua Dean, uliochapishwa 2022. Walizifuatilia kaya kama 1,000 za Nairobi zinazopikia mkaa, wakaziuzia jiko la mkaa lililoboreshwa. Waliolipata, matumizi yao ya mkaa yalishuka kwa asilimia 39. Jiko lenyewe linadumu miaka miwili, na kwa muda huo linaokoa dola 237. Sasa kaya hizo zilikuwa tayari kulitolea kiasi gani? Dola 12. Watafiti wakajaribu kuwakumbusha watu wapige hesabu ya akiba watakayoipata, dau halikupanda. Walipowaambia chukueni, mtalipa kidogo kidogo, dau likapanda zaidi ya mara mbili.

Nilicheka peke yangu kwenye daladala, abiria wa pembeni akasogea mbali nami. Ndiyo maana semina za kutuelimisha akina mama kuhusu madhara ya mkaa hunichosha. Moshi tunaumeza sisi.

Kwa hiyo ukitaka kuhama kwenye mkaa, anza na mkupuo, usianze na jiko. Mimi niliingia mchezo wa kupeana hela kwa zamu, watu saba, kila mmoja 20,000 kwa wiki, nikaomba zamu ya pili (ya kwanza tulimwachia mwenzetu aliyefiwa). Mikopo ya kwenye simu sikuigusa, maana riba ya baadhi yao ingenirudisha kwenye kopo kwa mlango wa nyuma.

Halafu pima mwenyewe, usimwamini muuzaji wala mimi. Mara ya kwanza kupika maharage niliangalia mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) kabla na baada, nikaona imekwenda uniti nzima na ushee. Nikaifunga presha kuka kwenye boksi niirudishe dukani. Kumbe friji lilikuwa linanguruma, na mwanangu yuko chumbani anapiga pasi sare! Kesho yake nikazima kila kitu: nusu kilo ya maharage, hayakulowekwa. Mita ilisoma 31.8, yalipoiva ikasoma 31.4. Kwa bei ninayolipa, 356 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 142. Maharage hayohayo yalikuwa yananila mkaa wa 1,500, na mkono wa kupepea juu yake.

Wewe uliye kwenye tarifu ya uniti 75, ile bei ya watumiaji wadogo wa umeme, ngoja kidogo. Ndani ya hizo 75 uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi, ukizivuka inaruka hadi 350. Kupika kila siku kunaweza kukuongezea uniti 15 au 20 kwa mwezi, hivyo angalia kwanza unamalizia wapi.

Na jiandae kujidanganya. Mwezi wa pili niliona kupika kumekuwa rahisi, nikaanza kuchemshia humo maji ya kuoga ya nyumba nzima. Uniti zikaanza kukimbia. Mwingereza Jevons aliliona hilo tangu 1865 kwenye makaa ya mawe: mashine zilipoanza kula kidogo, watu walizidi kuzitumia, na makaa yakachomwa mengi zaidi. Maji ya kuoga nimeyarudisha juani, kwenye ndoo nyeusi.

Jiko la mkaa sijalitupa. Samaki wa kuchoma hajui umeme, na umeme wenyewe hukatika. Nanunua kisado kimoja kwa wiki.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Sawa. Lakini jirani yangu aligawiwa mtungi wa gesi bure, akapika mpaka ukaisha, na leo umefunikwa kitenge, juu yake kuna ndoo ya maji ya kunywa. Hela ya kujaza tena haipatikani kwa mkupuo, tatizo lilelile. Ningependa kila mwenye mita aweze kuchukua jiko la umeme leo, deni likatwe polepole kila anaponunua umeme. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021 na hatuulizwi; 5,000 ya jiko kwa mwezi itashindikana vipi?