Kukosa methadoni siku nne: asirudie dozi ya zamani

Dada, umesema mdogo wako alikuwa kwenye miligramu 80 za methadoni (dawa ya kliniki ya kumsaidia mtu kuacha heroini), akakaa mahabusu siku nne bila dawa, na sasa anataka kuendelea palepale. Hapana. Mwili umeshaanza kuisahau dawa. 80 ile ile inaweza kumkata pumzi usingizini, saa kadhaa baada ya kunywa, maana methadoni hupanda polepole.

Aende kliniki asubuhi, aseme ukweli: siku ngapi amekosa, na kama katikati alitumia unga (heroini), pombe au vidonge vya usingizi. Watampunguzia, pengine waanze upya na 30 au chini, kisha wampandishe kidogo kidogo. Arosto (mateso ya kukosa dawa mwilini) itamsumbua, asiongeze unga juu ya dawa, hapo ndipo watu hufa.

Na kama anatibiwa TB (hili husahaulika mno), awaambie. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huimaliza methadoni haraka mwilini, arosto ikarudi hata kwa dozi kamili.

Akikoroma vibaya, haamki, midomo ikabadilika rangi: mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5 huku mwingine akitafuta gari. Hospitali wana naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na methadoni au unga. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze ubavu. Maziwa msimpe, yatampalia.